Mwaka wa Maua Yenye Manyoya

Tulimzika Kanana huko Timau mwezi wa nane, siku ambayo ukungu ulikaa juu ya mashamba ya ngano hadi adhuhuri na mhubiri akalazimika kuvaa koti juu ya kanzu yake. Kaburi lilipokwisha kufunikwa tuliitwa kula. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nyuma ya jiko, sahani ya wali na viazi mapajani, wakati binti yake Makena alipokuja akaketi kando yangu. Nilimjua angali anabebwa mgongoni. Sasa ni mwalimu na ana watoto wake. Alinitazama usoni, miwani yangu myeusi imenifunika macho, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa, "Anti, ni jicho gani ambalo mama alikuharibia?" Nilimuuliza nani amemwambia maneno hayo. Akasema ni mama yake mwenyewe, kwamba siku za mwisho alikuwa akiyarudia hayo tu. Nilimjibu kwamba si kweli, lakini watu walikuwa wengi, wanapita na sufuria na vikombe, na jambo lenyewe halielezeki kwa maneno mawili. Nikamwahidi kwamba nikifika nyumbani nitakaa chini nilieleze lote tangu mwanzo. Basi nimekaa. Ni habari za mwaka mmoja tu, miaka ya tisini, na karibu mwaka wote huo niliuishi nikiogopa.

Timau ilinitisha kabla sijaona ua hata moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekuja kufanya kazi kwenye shamba la maua, nimezoea kwetu Kianjokoma ambako migomba na kahawa vinakuzunguka kama ukuta na huwezi kutembea hatua nyingi bila kusalimiwa. Huko juu hakukuwa na ukuta. Ngano ilienda mpaka macho yakachoka kuifuata. Mlima ulikuwa mgongoni mwetu, karibu mno, na mbele ardhi ilishuka ghafla kuelekea Isiolo, kahawia na tupu, kana kwamba dunia ilikatwa pale kwa panga. Upepo haukupumzika. Nilipewa nafasi katika chumba cha Kanana, kwenye safu ya vyumba vya wafanyakazi, vilivyojengwa kwa mabanzi, yale mabao ya pembeni yanayobaki gogo likipasuliwa. Nyufa zilizibwa kwa magazeti yaliyobandikwa kwa uji wa unga. Kanana alikuwa amenizidi miaka kama kumi, Mmeru wa huko huko, na watoto wake walikaa kwa nyanya yao. Tulilala kitanda kimoja kwa sababu ya baridi na kwa sababu hakukuwa na kingine. Yeye alisema Kimeru, mimi Kiembu, kila mmoja akimwelewa mwenzake nusu, na nusu iliyobaki tukaijazia Kiswahili cha shambani. Siku ya kwanza alinipa maonyo mawili: nisimwage maji mlangoni kwa sababu asubuhi yatakuwa barafu, na Mutuma akisimama nyuma yangu nisigeuke.

Mutuma alikuwa supavaiza wetu. Hakuwa mtu wa kelele, na hilo ndilo lililotisha. Alikuwa akija na gambuti zake za mpira bila kusikika, akisimama nyuma ya mtu aliyeinama tutani, akimtazama, halafu akisema kwa upole, "Kesho pumzika." Maana yake ni kwamba kazi yako imekwisha. Hapakuwa na maelezo, na yule aliyeambiwa hakuuliza. Alirudi chumbani, akafunga godoro lake kwa kamba, na kabla ya giza mtu mwingine alikuwa amehamia hapo. Wiki yangu ya kwanza niliyasikia maneno hayo yakielekezwa kwa mwanamke mmoja wa tuta la tatu, nikajikata kidole kwa kisu. Hadi leo, mtu akiniambia nipumzike, moyo wangu huruka kwanza ndipo nielewe anamaanisha mema.

Kazi yetu, Kanana na mimi na wanawake wengine wachache, ilikuwa kuotesha ua ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Miche ilifika katika katoni, midogo kama vitunguu vya majani. Mutuma alituambia kwamba asili yake ni Australia, nchi ya kangaruu, na kwamba ua lenyewe linaitwa mguu wa kangaruu kwa sababu limefanana nao. Kanana aliuliza kama huyo kangaruu huuma. Watu walicheka, Mutuma hakucheka, na kuanzia siku hiyo sisi tuliliita Vidole. Lilikuwa ua la kudeka. Halikutaka mbolea nyingi kama waridi. Halikutaka maji yatuame, kwa hiyo tuliinua matuta na kuchanganya udongo wetu mweusi na mchanga na murram, ile changarawe nyekundu ya barabarani, na maji tuliyapeleka kwenye mizizi kwa mipira yenye matundu, bila kulowesha majani. Majani yakilowa yalitokwa na madoa. Kila asubuhi tulipita tumeinama tukitafuta doa jeusi, dogo kama nukta ya wino, kwa maana doa moja likiachwa lilikimbia jani zima na kushuka hadi kwenye shina nene lililojificha ardhini. Jani lenye doa lilikatwa chini kabisa, kisu kikachovywa kwenye ndoo ya dawa kabla ya kugusa mche mwingine. Wakati wa baridi tulifika mapema, jua halijatoka, kuondoa vitambaa vyeupe tulivyofunika jioni, na nyasi za njiani zilivunjika chini ya viatu kama glasi. Tuliogopa mche usije ukafa. Tuliwajua wenzetu wa sehemu nyingine waliopumzishwa kwa sababu ya mimea iliyokufa yenyewe.

Hata hivyo ilichanua. Nakumbuka asubuhi tuliyoona mabua yamepita magoti yetu, mekundu, yamevikwa manyoya mafupi kama yale yaliyo kwenye sikio la ndama, na juu yake vitumba vimejipanga upande mmoja kama vidole vya mkono uliokunjwa. Kitumba kilipopasuka kilifunua kucha sita, ndani kijani. Ndege wadogo wenye midomo mirefu walikuja siku hiyo hiyo, kana kwamba waliitwa. Kanana alikishika kimoja kati ya vidole viwili na kusema katika maisha yake hajaona ua ambalo mtu anaweza kulipapasa kama paka. Nilifurahi, sikatai. Ilikuwa siku moja ya mwaka huo ambayo sikuogopa chochote.

Kuta za mabanzi hazifichi maneno. Jioni, tukiwa tunachemsha githeri ya mahindi na maharagwe au tunamenya viazi vya Timau ambavyo huiva upesi na kupasuka ngozi, tulisikia kila kilichosemwa chumba cha pili, kwa Mama Kendi, mwanamke mwenye mtoto mchanga na mume anayefanya kazi ya pampu. Ni kwa Mama Kendi nilikosikia kwanza habari za Nkirote. Nkirote alikuwa msichana wa banda la kufungashia, mahali ambapo maua yaliyokatwa yalichambuliwa, yakakung'utwa, yakafungwa vifungu. Mama Kendi alikuwa akimwambia mumewe kwamba Nkirote aliamka macho yamevimba, akaenda kwa Mutuma kuomba ruhusa ya kutibiwa, akaambiwa kesho apumzike. Sasa inasemekana haoni. Yuko kwa mama yake anashikwa mkono kwenda chooni. Ile maua inakula macho, alisema Mama Kendi. Mume alimwambia anyamaze. Kanana, aliyekuwa anapuliza jiko, aliacha kupuliza. Tulikula, tukalala, na usiku huo nilijua kutokana na pumzi yake kwamba hajapata usingizi, kama mimi.

Siku chache baadaye tulihamishwa sote kwenda banda la kufungashia kwa sababu maua yalikuwa yamekomaa kwa pamoja. Ukilikung'uta bua mbele ya dirisha uliyaona manyoya yakielea kwenye mwanga, mepesi kuliko vumbi, mekundu kidogo. Yaliingia kwenye mikunjo ya shingo, yakawasha. Yaliingia puani. Nilifunga leso usoni mpaka chini ya macho, lakini macho hayana leso. Siku ya pili jicho la kulia lilianza kuwasha, nikalisugua kwa mgongo wa mkono uliokuwa umejaa manyoya na utomvu. Jioni lilikuwa jekundu. Nililiosha kwa maji ya birika yaliyopoa, nikajiambia ni moshi wa jiko. Kesho yake nilihisi kama kuna chembe ya mchanga chini ya kope, na kila nilipopepesa ilikwaruza. Nilimficha kila mtu kwa siku nzima, hata Kanana, na sikujua kumbe yeye ameona tangu asubuhi.

Alipoona siwezi tena kulifungua vizuri, tulishauriana kwa kunong'ona, kwa sababu ya ukuta. Dispensari ya shamba ilikuwepo, lakini muuguzi alipeleka majina ya wagonjwa kwa Mutuma kila jioni. Hilo lilitosha kutuzuia. Mama Kendi, aliyesikia minong'ono yetu kama tulivyosikia ya kwao, alibisha hodi na mtoto wake kifuani, akasema kwao jicho bovu hutiwa maziwa ya mama. Alikuwa na nia njema. Nililala chali kitandani, naye akainama juu yangu, akalikamulia matone ya moto moto, huku mtoto akilia kwa kunyang'anywa. Kwa muda mfupi nilihisi nafuu, labda kwa sababu tu nilishikwa na mtu. Asubuhi kope zilikuwa zimegandana. Ndipo Kanana alipokwenda dukani kwenye senta ya Timau akarudi na kichupa cha dawa ya matone, ambayo mwenye duka alimwambia huondoa wekundu wa aina yoyote. Na kweli iliuondoa. Hapo ndipo tulipodanganyika. Jicho lilikuwa jeupe zaidi kila siku na lilikuwa linaona kidogo zaidi kila siku, na tulishukuru Mungu kwa ule weupe.

Nilianza kwenda kazini nimeshika koti la Kanana. Alitembea mbele taratibu, akijifanya anaongea nami, na aliponiambia "jiwe" au "mfereji" aliyaingiza maneno hayo katikati ya mazungumzo ili wapitao wasitambue. Jicho la kushoto nalo lilianza kutoa machozi, likiona aibu ya mwenzake au likiogopa, sijui. Vitu vya mbali vilikuwa na ukungu hata siku za jua. Nilifunga vifungu kwa kupapasa. Jioni nilijaribu kuziba jicho moja kisha jingine na kuangalia mwali wa koroboi, na nilipoziba la kushoto mwali ulikuwa doa la njano lisilo na umbo. Nilifikiria kwetu, kilima cha nyuma ya nyumba chenye ngazi za udongo, na jinsi nitakavyozishuka nikiwa kipofu. Nilifikiria nani atanishika mkono kwenda chooni. Mtu anapokuwa na hofu ya namna hiyo huwa hana nafasi ya kitu kingine chochote. Hata njaa sikuisikia, na Kanana alinilisha kwa kunisimamia kama mtoto.

Siku ilipofika, Mutuma hakusimama nyuma yangu. Alisimama mbele, akanipa kikaratasi cha maelezo ya katoni na kuniambia nimsomee rangi iliyoandikwa. Nilikitazama. Kilikuwa cheupe na kitu cheusi kikiogelea ndani. Nilisikia maji yakidondoka kwenye ndoo za mwisho. Nilikisia, nikasema nyekundu. Akauliza ni tangu lini. Alikichukua kikaratasi mkononi mwangu, polepole, na kusema, "Kesho pumzika."

Kanana alinirudisha chumbani, akaniketisha kitandani, akakaa kando yangu mikono mapajani. Nililia, na machozi yaliniuma kama pilipili. Baada ya muda alisema, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, "Sasa si imekwisha? Kile tulikuwa tunaogopa si wamekufanyia? Kesho tunaenda Meru." Nilimkumbusha kwamba yeye bado ana kazi, na akikosa siku bila ruhusa ataipoteza. Akasema anajua. Akaanza kunikunjia nguo.

Tuliteremka kwa lori la viazi, sisi wawili mbele na dereva, na njia nzima hakuniachia mkono. Katika kliniki ya macho hospitalini tulikaa kwenye foleni ya wazee hadi mchana. Daktari alikuwa kijana, pengine hakunizidi sana. Alinitia tone la rangi, akawasha mwanga wake, akatazama kwa muda mrefu sana. Nilisikia anavyopumua. Aliuliza kazi yangu ni ipi, nikamwambia. Akauliza tumelitia nini. Kanana alifungua mfuko akampa kile kichupa, na akataja maziwa pia, hakuficha kitu. Daktari aliisoma lebo ya kichupa, akakiweka mezani. Alieleza bila kupandisha sauti kwamba manyoya yalikikwaruza kioo cha jicho, na mikwaruzo peke yake ingepona. Lakini uchafu ukaingia kwenye mikwaruzo, ukawa kidonda, na hii dawa hunyamazisha wekundu huku kidonda kikiendelea kula. Kanana aliuliza kama nitapona. Daktari akasema, "Hili la kulia siwezi kukuahidi. La kushoto ndio limeanza, na nadhani tumeliwahi. Mngengoja wiki nyingine, tungekuwa tunaongea mambo mengine." Kwa hiyo Makena akisoma haya ayasome maneno hayo mara mbili. Ni mama yake aliyenipeleka, akijua anaweza kuipoteza kazi yake, na jicho ninaloandikia sasa ni lile lililowahiwa siku hiyo.

Nililazwa. Walinitia dawa kila saa, na nyingine ya kupanua mboni ambayo ilifanya mwanga wote uwe maziwa, kwa hiyo katika wodi ile niliishi kama kipofu kamili na nikaonja kile nilichokuwa nakiogopa. Nilikijua chumba kwa sauti na harufu: dawa ya sakafu asubuhi, uji wa wimbi, toroli yenye gurudumu moja linalopiga kelele, slipa za muuguzi wa zamu. Kila gurudumu lilipolia nilidhani wananijia mimi. Wanawake wa vitanda vya upande wa mlango walikuwa wakizungumza Kimeru, wakidhani Muembu hasikii, na nilimsikia mmoja akisema msichana wa maua atang'olewa lile moja ili lisiue lingine, kwamba amemsikia daktari akilisema jambo hilo kwa Kiingereza. Kuanzia hapo nililala nimelifunika jicho kwa kiganja. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mzee aliyesubiri kuondolewa mtoto wa jicho. Alikuwa anaomba kwa sauti, na nakumbuka alivyomwambia Mungu kwamba kama ni lazima achague kati yake na huyu msichana, yeye ameona mengi, lakini angependa sana kuuona uso wa mjukuu wake, kwa hiyo tafadhali asichague. Nilicheka chini ya blanketi, kicheko na kilio pamoja. Kumbe hata yeye aliogopa. Tulizoea kushikana mikono kupitia nafasi kati ya vitanda wakati wowote gurudumu lile lilipokaribia.

Halikung'olewa. Kidonda kilikauka kikaacha kovu jeupe, na jicho la kulia likabaki kuona mwanga na kivuli cha mkono tu. La kushoto lilisafika. Kanana alikuja kila Jumapili na mayai ya kuchemsha, na kutoka kwake nilipata habari za Timau. Aliporudi kutoka Meru hakwenda kujificha. Aliingia banda la kufungashia akawaeleza wanawake wote alichokisema daktari kuhusu manyoya, na kesho yake nusu yao walikataa kulikung'uta lile ua. Maua yakalala kwenye ndoo. Habari zikamfikia meneja, mtu aliyekaa ofisi ya mbele ambaye sisi tulimjua kwa gari lake tu. Meneja akasema hatamgusa Kanana wala mtu yeyote mpaka amsikie yule msichana mwenyewe kwa mdomo wake.

Kwa hiyo nilipotoka hospitalini sikurudi kwa amani, nilirudi kwa kesi. Jioni ya kuamkia siku ya kesi Mutuma alikuja mlangoni mwetu, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akaniita nje. Aliniambia nikisema kwamba dawa ya duka ndiyo iliyoniharibu, basi atahakikisha nafasi yangu inarudi. Hakunitisha. Aliongea kama mtu aliyechoka, na giza lile sikuuona uso wake. Nilipoingia ndani, Kanana, ambaye alisikia yote kupitia mabanzi, alikuwa amesimama katikati ya chumba. "Wawira, sema ile ya maua tu," aliniambia. "Ukitaja dawa, watasema ni mimi nimekuharibu. Watanifukuza, na watu wataniita mpofushaji." Sikumwahidi. Tulilala tumepeana migongo, na kitanda hakijawahi kuwa kidogo namna ile.

Walitukusanya bandani asubuhi, ndoo zimesukumwa ukutani. Meneja alisimama karibu na meza ya kufungia, Mutuma kando yake, na wanawake wakajaa hadi mlangoni. Sijawahi kuogopa watu kama nilivyowaogopa wale, na wengi wao walikuwa upande wangu. Meneja aliniuliza kwa Kiswahili cha polepole ni nini kilichoniharibu jicho.

"Manyoya yaliingia, yakakwaruza," nilisema. "Daktari ameona. Halafu tukatia maziwa na dawa ya duka, ikawa kidonda. Hiyo pia daktari ameona."

Nilisikia Kanana akivuta pumzi. Meneja alimgeukia Mutuma kama mtu aliyepata jibu lake, na Mutuma akaanza kufunga vifungo vya koti. Nilielewa kwamba jambo linakwisha hivyo, lawama ikibaki kwenye dawa ya duka, na nililoelewa lilinisukuma kuliko hofu ilivyonizuia. "Lakini tulitia hizo kwa sababu tuliogopa kuja kwenu," nilisema. "Nkirote alikuja. Akaambiwa kesho apumzike."

Meneja aliuliza Nkirote ni nani. Akamuuliza Mutuma kwa jina, na Mutuma, akitazama viatu vyake, akasema ni msichana aliyekuwa hapa. Meneja akauliza yuko wapi sasa. Mama Kendi ndiye aliyepaza sauti kutoka nyuma, mtoto mgongoni, kwamba yuko kwa mama yake, amepofuka. Meneja akamwambia Mutuma achukue gari aende akamlete.

Alimleta siku ya pili, na tulitoka wote kumwangalia akishuka. Alishuka mwenyewe, akaruka dimbwi, akatusalimia mmoja mmoja kwa majina. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Yalikuwa yamevimba wiki moja, akayaacha bila kuyatia kitu, yakapona. Hakujua hata kidogo kwamba Timau nzima imempofusha. Nilimtazama kwa jicho langu moja akicheka na wenzake, na nilihisi kitu ambacho bado sina jina lake. Kilikuwa karibu na hasira lakini hakikuwa na mtu wa kumwendea.

Miwani ilifika wiki iliyofuata, katoni nzima, ya plastiki yenye mpira wa kufunga kisogoni, kama ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Muuguzi aliambiwa asipeleke tena majina kwa supavaiza. Mutuma alibaki, na hatukumsikia tena akilisema lile neno lake, ingawa watu waliendelea kuachishwa kwa njia nyingine. Mimi nilirudishiwa nafasi. Kanana hakufukuzwa. Ila kwa siku nyingi baada ya ule mkutano hakuniongelesha. Alinipakulia chakula, alinifulia leso ya kufutia jicho, alinifunika usiku blanketi liliposogea, yote bila neno. Ukimya ule niliuogopa kuliko wodi. Nilimwambia aliyoyasema daktari, kwamba ni yeye aliyenibakishia jicho. Alitikisa kichwa na kuendelea kupepeta maharagwe. Nilimwambia tena miaka mingi baadaye, kwenye harusi ya Makena, akatikisa kichwa vile vile. Kuna watu huwezi kuwapa msamaha kwa sababu hawaoni kwamba uliutoa. Wanakaa na kile walichojihukumu. Nasikitika kwamba alikaa nacho mpaka wiki ya mwisho.

Mwisho wa mwaka Vidole vilichanua mara ya pili. Tulikuwa tumekata mabua ya kwanza hadi ardhini na kugawa mashina yaliyojaa, na sasa matuta yalikuwa mapana, mekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Asubuhi ya kwanza ya kukata nilisimama mwanzo wa tuta langu nimevaa miwani, kisu mkononi, na sikuweza kuingia. Upepo ulishuka kutoka mlimani, mabua yote yakainama kwangu kwa pamoja, na jasho likanitoka katika baridi ile mpaka miwani ikajaa mvuke. Wanawake walinipita. Nilitaka kurudi nyumbani Kianjokoma siku hiyo hiyo. Kanana alikuwa tuta la pili. Alisimama, akanitazama, kisha akaanza kuongea, kwa mara ya kwanza tangu bandani, wala hakusema lolote kuhusu macho au dawa. Alisema nyanya ya watoto ameandikiwa na daktari asile chumvi, na sasa amegoma kula kabisa. Alisema Makena ameota jino jingine. Alihitaji kujibiwa, na kwa kuwa upepo ulikuwa unapeleka maneno yake upande mwingine, nililazimika kusogea ili nimsikie, nikapita bua la kwanza, nikapita la pili. Nilimuuliza ni jino la juu au la chini. "La chini," alisema, "na ameniuma nalo." Nilishika bua chini kabisa, karibu na udongo, nikalikata.